Kapu la ukindu la 12,000, baada ya miezi kumi na minane ya Sabasaba

Nilinunua kapu hili Februari 2024 kwa mama mmoja anayeuza makapu, nyungo na mikeka pembeni ya Soko la Sabasaba, hapa Dodoma. Aliniambia 14,000, tukaelewana 12,000. Ni kapu la duara la ukindu, kina chake dhiraa moja pungufu kidogo, lina mistari miwili ya zambarau karibu na mdomo na vishikio viwili virefu vya kutosha kuvaa begani. Tangu siku hiyo limekwenda sokoni kila Jumamosi, na mara nyingi Jumatano baada ya vipindi. Limepanda daladala za Nkuhungu, limepanda bodaboda, limenyeshewa, limemwagikiwa na mchuzi wa dagaa. Ninayoyaandika ni ya kapu linalofanya kazi.

Anayetaka jibu la haraka: linunue. Ila kagua vishikio kabla hujatoa hela, na usilinunue peke yake.

Aliyenifikisha kwenye kapu ni mbuzi wa mama mkwe. Mwezi wa nane mwaka 2018 tulikuwa kijijini kwake, wilaya ya Bahi. Mbuzi jike mwenye mimba alikataa majani siku tatu, ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma. Wakamchinja kabla hajafa mwenyewe. Shemeji alipopasua lile tumbo kubwa akatoa donge la rambo, ile mifuko ya plastiki ya kubebea, za bluu na nyeusi, zimejisokota na nyuzi za viroba, donge zima kama kichwa cha mtoto. Rambo iliyobeba chakula hubaki na harufu na chumvi, na mbuzi humeza kwanza, kucheua baadaye. Nailoni haicheuliki, haiozi, haipiti kwenda tumbo linalofuata. Inakaa hapo hapo, na kila siku inaletewa mwenzake. Mama mkwe aliliosha lile donge akalitundika kwenye uzio wa miiba. Mgeni akija, akishaitikiwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, anaoneshwa uzioni kabla hajapewa kigoda.

Mwaka uliofuata katazo likaja. Aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alilitangaza mwezi Aprili bungeni, hapa hapa Dodoma, na kuanzia tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ikawa marufuku nchi nzima. Ukikutwa nayo, faini ni kuanzia 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Katazo lile lilifanya kazi, na nalisema kwa moyo mmoja. Kila Julai upepo wa kwetu unapoanza, migunga ya kandokando ya barabara ilikuwa inavaa rambo mpaka vileleni. Mwaka ule na uliofuata niliiona migunga ikiwa migunga tu.

Sasa nije kwenye kilichochukua nafasi ya rambo, maana ndicho kilichonifanya nitoe 12,000.

Kwanza ni mifuko mbadala, ile laini ya rangi rangi ambayo ukiishika unadhani kitambaa. Mimi nilidhani kitambaa kwa miaka minne. Januari 2024 nilikuwa nasafisha stoo, nikakuta tumeishindilia ndani ya mfuko mmoja mkubwa. Nilihesabu: 63. Mingi imekatika mkono, mingine ukiigusa inaacha vumbi la nyuzi vidoleni kwa sababu ilikaa dirishani ikapigwa na jua. Jioni ile nilikuwa naandaa somo la sayansi la darasa la tano, kuhusu vitu vinavyoungua na vinavyoyeyuka, nikachukua kipande cha mfuko nikakisogeza kwenye mshumaa. Kilijikunja, kikayeyuka, kikadondosha tone jeusi lililoganda sakafuni kama gundi. Kitambaa cha pamba huungua kikawa jivu. Ile mifuko ni plastiki, polipropilini, ndugu wa damu wa kiroba cha unga, tofauti ni kwamba huyu hakufumwa. Sikulala vizuri. Nilikuwa nimewaambia watoto wa watu darasani kwamba mifuko hiyo ni rafiki wa mazingira.

Sisemi ni sawa na rambo. Mfuko mbadala unaofuata kiwango, wa gramu 70 kwa mita ya mraba na wenye jina la kiwanda, unaweza kuutumia mwezi mzima na zaidi. Lakini inayouzwa mlangoni mwa soko kwa 200 au 300 ni myembamba mno, ukiinua juani unaona mkono wako upande wa pili. Hiyo inabeba mara moja, ya pili ina mashaka. Kitu cha kutumika mara moja ni cha mara moja hata kikivaa sura ya kitambaa.

Pili ni vifungashio, ile mifuko midogo inayoonyesha ndani. Kanuni za 2019 ziliacha vifungashio vya bidhaa vya plastiki: vya dawa, vya viwandani, vya kilimo, vya vyakula vilivyosindikwa. Kuna sababu ya msingi hapo, dawa haiwezi kufungwa kwenye gazeti. Lakini sokoni mlango ule mdogo umegeuzwa geti. Nyanya fungu moja, kifungashio. Karanga za mia mbili, kifungashio. Dagaa kikombe kimoja, kifungashio, na juu yake kingine ili harufu isitoke. Shuleni kwetu tukifanya usafi wa Ijumaa, kinachojaa kwenye ndoo ni vifungashio vya ubuyu na vya barafu. Na vyenyewe ni vyepesi kuliko rambo, upepo unavipeleka mbali zaidi.

Kwa hiyo nikaenda kutafuta kapu, kama alivyokuwa anakwenda nalo mama yangu, na mama yake kabla yake.

Yule mama ni mzaliwa wa Kondoa, mtu mzima, mikono yake haipumziki hata akiongea na wewe. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba mwalimu, karibu uchague." Sijui alijuaje kuwa mimi ni mwalimu, labda chaki. Alinipa somo ambalo sikuwa nalo. Makindu huchanwa yakiwa yameshakaushwa, husukwa ukili, yaani mkanda mwembamba, mrefu sana, halafu ule ukili huzungushwa kuanzia kitakoni na kushonwa ukingo kwa ukingo mpaka mdomoni. Ndiyo maana kapu zuri linapimwa kwa mishono yake. Alinionesha: ingiza kidole kati ya mzunguko na mzunguko, kikipenya, liache. Akanionesha na makapu ya aina nyingine aliyokuwa nayo, yale yanayosukwa kwa mikanda ya plastiki ya kufungia maboksi, meupe na bluu. Yale ni imara kuliko ukindu, nakiri, na ni ya 8,000 tu. Jirani yangu analo mwaka wa tano sasa. Ukiwa huna uwezo wa zaidi, chukua hilo, maana ile mikanda ilikuwa iende jalalani na sasa inabeba viazi. Mimi nilitaka kitu ambacho siku kikifa mbuzi akikila hakitamuua.

Sasa tabia zake.

Linabeba. Kilo kumi linabeba bila kulalamika, na nimewahi kulitia kumi na tatu. Bega haliumi kama linavyoumia kwa mfuko mbadala, ambao mkono wake unajikunja ukawa kamba. Na linapitisha hewa: mchicha na majani ya maboga ya saa nne asubuhi yanafika nyumbani saa saba yakiwa bado yana uhai, wakati kwenye plastiki yalikuwa yanafika yametoka jasho. Katika joto la Oktoba la Dodoma hilo si jambo dogo. Nyanya zinazoharibika nyumbani kwangu zimepungua, na zilizopungua ni hela.

Rangi inachuja. Wiki ya pili nililiosha, nikaliweka juu ya kamba pamoja na nguo, na shati jeupe la shule la mwanangu likapata ramani ya zambarau ambayo haijatoka hadi leo. Kabla ya kulitumia, lioshe peke yake kwa maji ya chumvi mara mbili tatu mpaka maji yawe meupe. Bora zaidi, chagua lisilo na rangi.

Kitako kinalegea. Kapu la duara likiwekewa vitu vizito linajifanya mfuko, vilivyo pembeni vinaanguka katikati. Niliweka duara la boksi chini, linasaidia, ila likilowana inabidi ubadilishe. Mama wa Kondoa anatengeneza yenye kitako cha mara mbili kwa 16,000, na kama ningejua ningeongeza ile 4,000 siku ile ile.

Halifungiki. Bodaboda wa Nkuhungu wanakimbia, na ile barabara ya vumbi ina mashimo. Nilipoteza maparachichi mawili na limau moja kabla sijajifunza kufunika mdomo kwa kipande cha kanga na kukifunga kwenye vishikio.

Kubwa kuliko yote ni kishikio. Oktoba 2024, mwezi wa nane wa kapu, kishikio kimoja kiling'oka stendi, watu wamejaa, viazi vikaviringika mpaka chini ya daladala. Kijana mmoja konda aliviokota vyote, Mungu ambariki. Ukili haukukatika, uliochoka ni uzi ulioshika kishikio kwenye mdomo wa kapu. Nililipeleka kwa fundi viatu palepale Sabasaba. Aliweka kipande cha ngozi ndani na kingine nje, akashona kwa uzi wa viatu vishikio vyote viwili, 2,000. Toka siku hiyo sijawahi kuwa na wasiwasi nalo. Nilirudi kwa yule mama nikamwonesha, nikitegemea atabisha. Aliligeuza kapu, akapitisha kidole kwenye ule mshono, akasema, "Mwalimu, huyu kanizidi. Kaweka ngozi ndani?" Siku hizi yake mapya yana ngozi. Hapo ndipo kapu lilipoushinda mfuko mbadala moyoni mwangu: lilivunjika, likatengenezwa, na aliyelisuka akajifunza. Mfuko wa 300 hauna fundi.

Utunzaji wake kwa hali ya hewa yetu ni kinyume cha unavyoshauriwa na watu wa pwani. Dada yangu wa Tanga anapigana na koga. Hapa mvua ni ya miezi michache na koga haina nafasi. Adui yetu ni ukavu. Kiangazi ukindu unakauka mpaka unalia ukiukunja. Mara moja kwa wiki nalipangusa kwa kitambaa chenye maji, nalianika kivulini, kamwe si juani. Nalitundika kwa vishikio vyote viwili, silikunji.

Nimesema usilinunue peke yake. Wiki tatu za mwanzo nilikuwa narudi nyumbani na kapu zuri la asili limejaa vifungashio kumi na viwili. Kapu linaondoa mfuko wa nje tu. Plastiki iko ndani, kwenye vitu vyenye maji na vitu vya kupima. Kwa hiyo kapu langu sasa lina familia yake: bakuli mbili za plastiki nzito zenye mfuniko, moja ya nyama na moja ya dagaa au samaki, kopo la bati la unga, dumu la lita tano la mafuta, na vifuko kumi vya kanga. Kanga zilikuwa mbili, zimechakaa, fundi cherehani wa mtaani alizikata akashona vifuko vyenye kamba ya kuvuta, 5,000 kwa vyote. Maharage, mchele, karanga, vitunguu, vyote vinaingia humo. Sukari inapenya kwenye kanga ya zamani, hiyo nilimwomba ashone ya tabaka mbili. Unga usijaribu, utafika nyumbani mweupe wewe.

Wauzaji wanahitaji kuzoeshwa, tena kwa adabu. Muuza maharage anapima kwa sado anamimina kifukoni, hana shida, anaokoa hela ya kifungashio. Baada ya mwezi alikuwa ananiongezea konzi moja juu. Buchani palikuwa na ugumu. Bucha la kwanza nililokwenda walipima nyama ikiwa ndani ya bakuli langu, na bakuli lina robo kilo nzima. Nililipia plastiki bei ya nyama, na nilipouliza nikajibiwa vibaya. Nimehama. Ninakokwenda sasa anapima nyama kwenye sahani ya mizani, nikaona mshale umesimama wapi, ndipo anaimimina bakulini. Sema hivyo kabla kisu hakijagusa nyama, "Kaka naomba upime kwanza ndiyo unitilie humu," na hakuna atakayekasirika.

Mafuta ndiyo yaliyonifurahisha kuliko vyote. Tunaishi kwenye ukanda wa alizeti, Singida iko jirani, na mashine za kukamua ziko mpaka upande wa Kizota, halafu tulikuwa tunanunua chupa ya lita moja ya plastiki kila wiki. Dumu langu la lita tano linajazwa mashineni mara moja kwa mwezi na kitu. Mafuta ya mashine yana mashapo. Yaache yatulie siku mbili, ukimimina usilitikise dumu, na lisikae juani. Chupa zipatazo hamsini kwa mwaka hazijaingia nyumbani.

Baba watoto hakutaka kulibeba. Alisema kapu ni la akina mama, na sikubishana naye. Nilimpa dumu na bakuli la nyama, akawa anapitia bucha akitoka kazini. Mwezi wa sita nilikuwa na homa, Jumamosi nikamwona analichukua ukutani mwenyewe, akalitundika kwenye usukani wa baiskeli. Alirudi na kila kitu isipokuwa nazi.

Na taka je? Zamani tulikuwa tunajaza kiroba cha kilo 50 kila wiki mbili. Gari la taka lisipopita Alhamisi yake, na kuna miezi lilikuwa halipiti, majirani tulikuwa tunachoma, moshi wa plastiki ukaingia vyumbani mwa watoto. Sasa kiroba kile kile kinachukua wiki tano, wakati mwingine sita. Maganda na mabaki yanakwenda kwa kuku na kwenye shimo chini ya mpapai. Kinachobaki cha kupelekwa dampo la Chidaya ni pakiti za sabuni ya unga, za chumvi, za pedi, za maziwa siku muuza maziwa asipokuja. Hayo sijayapatia chombo. Maziwa mengi nachukua kwa jagi lenye mfuniko, kwa jirani anayefuga, asubuhi saa kumi na mbili.

Hesabu ya fedha, maana najua mtauliza: kapu 12,000, ukarabati 2,000, vifuko 5,000, bakuli na kopo nilikuwa navyo, dumu 3,000. Jumla 22,000. Mifuko mbadala tulikuwa tunanunua kama miwili kwa wiki, tuseme 600. Kapu na wenzake walikuwa wamejilipa kabla mwaka haujaisha, na mafuta ya dumu sijayaweka kwenye hesabu.

Alama zake: kwa kumi nalipa nane. Moja nimeikata kwa kishikio, moja kwa kitako. Rangi nimeisamehe, kosa la kamba ya nguo lilikuwa langu.

Anayemtaka yule mama amtafute asubuhi. Saa nane mchana jua likishika kivuli chake huwa amefunga. Nimempa oda ya kapu lingine, dogo, lisilo na rangi, kitako mara mbili na ngozi kwenye vishikio. Ni la mama mkwe, aende nalo mnadani. Nimelipa 8,000 ya mwanzo, iliyobaki nitammalizia Jumamosi nikilichukua.